Mtunza Bustani na Mrithi wa Ufalme: Uchambuzi wa The Lord of the Rings

Karibuni sana, watazamaji wangu. Leo nimeshika The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien. Ilitoka kwanza kwa juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955, lakini hili ni toleo la jalada moja, kurasa zaidi ya elfu moja. Ramani zipo, viambatisho vipo. Ni zito, ukisomea kitandani mikono itauma. Haya, na kama hujakisoma, nitafichua mengi.

Kuna swali linalowagawa wapenzi wa fantasia: shujaa awe mtoto wa mfalme, au mtoto wa mtu wa kawaida? Mimi kuna ujanja mmoja umenichosha kabisa. Kijana yatima, analala jikoni, anakula makombo, halafu mwishoni tunaambiwa kumbe baba yake alikuwa mfalme! Ujanja huo unamnyang'anya maskini ushindi wake. Kila alichokiweza kinahesabiwa kuwa ni kazi ya damu.

Tolkien anao wote wawili, na hakumgeuza mmoja kuwa mwingine.

Aragorn tunakutana naye kwenye nyumba ya wageni kule Bree, amejitenga pembeni, nguo zimechakaa, wenyeji wanamtilia shaka. Huyo ndiye mrithi wa Isildur. Lakini tazameni ukoo huo umemwachia nini: deni! Isildur, mfalme wa kale, aliikata pete ya uovu kutoka mkononi mwa Sauron, adui mkuu wa hadithi hii, kisha badala ya kuiteketeza akaifanya yake. Aragorn ana miaka 87 inapoanza safari ya kwenda kuiteketeza pete hiyo, na mingi kaimaliza nyikani akiwalinda watu wasiomjua hata jina. Baada ya vita vya Minas Tirith, mji mkuu wa ufalme wa Gondor, hakimbilii kiti. Anaingia mjini kimyakimya kuwaponya majeruhi. Na siku ya kutawazwa, Faramir, msimamizi wa Gondor, anawauliza watu kwanza kama wanamtaka. Mfalme wa namna hiyo namkubali.

Ila moyo wangu uko kwa Sam Gamgee. Mtunza bustani, baba yake mtunza bustani. Hakuna siri yoyote ya damu. Anapodhani Frodo, bwana wake aliyepewa kazi ya kuibeba pete, amekufa, anaichukua, nayo inamwonyesha majeshi yakimfuata na nyika kavu ya Gorgoroth ikichanua maua kwa amri yake. Kinachomwokoa ni mapenzi yake kwa Frodo, na kujua kwamba bustani moja ndogo, ya kulima kwa mikono yake mwenyewe, inamtosha. Boromir, mtoto wa mtawala wa Gondor, pete ilimshinda hata hajaivaa. Sam aliivaa, akaivua, akamrudishia mwenyewe. Sura hiyo isomeni polepole, tafadhali.

Haikutoka hewani. Tolkien alikuwa afisa kwenye vita vya Somme mwaka 1916, na alieleza kuwa Sam ametokana na askari wa kawaida aliowajua vitani, watu aliowaona wamemzidi yeye.

Na sisi tunaye Fumo Liyongo, mtu wa damu ya kifalme. Alipofungwa, nani alimpelekea tupa ya kukatia pingu? Saada, kijakazi. Tupa ilifichwa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi waliudharau. Natamani sana mwandishi wetu mmoja atuandikie riwaya nzima inayomfuata Saada.

Kasoro ya kitabu ninayo ya kutaja. Sam anamnyenyekea Frodo kama bwana wake mpaka mwisho, na kitabu hakihoji kwa nini iwe hivyo. Inaniuma. Pia kurasa za mwanzo zinajikokota, vumilieni mpaka Bree.

Kwa jumla nakipa tisa kwa kumi. Nunueni toleo lenye viambatisho, na hadithi ikiisha msikifunge kitabu. Huko nyuma ndiko mtakakokuta kwamba watu wa Shire, nchi ya kwao Sam, walimchagua Sam kuwa meya mara saba, kila muhula miaka saba.