Diskosoma au zoantidi kwa tangi la kwanza Kisumu

Ukiishi Kisumu, maji ya tangi la matumbawe utayatengeneza mwenyewe, maana ziwa letu ni la maji yasiyo na chumvi: chumvi ya akwariamu gramu 35 hivi kwa lita, joto nyuzi 24 hadi 27. Kwa anayeanza, chaguo langu ni kati ya jamaa hawa wawili laini wa matumbawe, diskosoma na zoantidi.

Diskosoma, yale bapa kama uyoga, hupenda mwanga hafifu na maji yanayotembea polepole. Ukiyaweka karibu na taa hujikunja; yashushe chini, baada ya siku chache yamejitandaza tena kama sahani. Hata usipoyalisha wiki nzima hayadhuriki, kwani mwani ulio ndani ya nyama yake huyatengenezea sukari.

Zoantidi zinavutia zaidi, nakiri: vichwa vidogo vya duara, kila kimoja na kope zake za rangi, vikijifunga ghafla ukivigusa. Huhitaji mwanga na mkondo zaidi kidogo. Lakini baadhi zina palitoksini, sumu kali mno. Vaa glavu na miwani, na kamwe usichemshe jiwe zilikoota. Mvuke wake umewahi kupeleka watu hospitalini.

Nyumba ikiwa na watoto wadogo, nachukua diskosoma bila kusita.