Minyoo na viwavi wakubwa kwenye gemu za majukwaa: uzoefu wangu na mbinu za kuwapiga

Gemu ya majukwaa, yaani ya kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, ikiwa na mnyoo au kiwavi mkubwa, kitu cha kwanza ninachokipima ni jinsi mwili wake unavyofuata kichwa. Meno, kelele na ukubwa vinakuja baadaye. Mwili ukifuata kanuni moja isiyobadilika, mchezaji anajua pa kusimama kabla mnyama hajamfikia, na akiumia anajua sababu. Kanuni ikiwa haieleweki, mnyama mrefu ni kero tu: kichwa kimeshapita, umepumua, halafu mkia unakuondolea uhai wako wa mwisho.

Watengenezaji wana njia mbili kuu za kuunda mwili huo, na kuzijua kumenisaidia kuliko maelekezo yoyote ya bosi (adui mkuu wa hatua) mmoja mmoja. Katika njia ya kwanza, kichwa kinaacha kumbukumbu ya kila mahali kilipopita, na kila pingili inaisoma kumbukumbu hiyo kwa kuchelewa kidogo. Mwili wote unapita palepale kichwa kilipopita, kama mabehewa kwenye reli. Katika njia ya pili hakuna kumbukumbu: kila pingili inavutwa na ile iliyo mbele yake na kubaki umbali uleule. Kichwa kikipinda, mwili haupiti kwenye pindo, unavutwa kwa ndani. Kwa hiyo ukisimama upande wa ndani wa kona mbele ya mnyoo wa aina ya kwanza, uko salama. Ukisimama hapohapo mbele ya mnyoo wa aina ya pili, utafagiwa na kiwiliwili ingawa kichwa kimekupita mbali.

Mfano bora wa njia ya kwanza ni Wiggler wa Super Mario World, gemu iliyotoka mwaka 1990. Ni kiwavi wa manjano mwenye ua kichwani, na utamkuta katika msitu uitwao Forest of Illusion. Akiwa mtulivu anatembea polepole, anageuka akifika mwisho wa njia, na hana haja na wewe. Ukimkanyaga hafi. Ua linadondoka, anakuwa mwekundu, anaongeza kasi na kuanza kugeuka kukufuata. Kumgusa ubavuni kunaumiza akiwa na hasira au bila hasira, ila mgongo wake unabaki salama kukanyagwa wakati wote. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kumkanyaga bila sababu kisha kutua chini mbele yake. Kama njia inaruhusu, mruke umwache na utulivu wake. Kama unahitaji mgongo wake ili ufike juu, mkanyage ukishika kitufe cha kuruka ili upate urefu wote, na uwe umeshachagua jukwaa la kutua, kwa sababu atageuka. Kwa maoni yangu hakuna kiwavi aliyebuniwa vizuri kumzidi: somo lote linaonekana kwa rangi, bila neno hata moja kwenye skrini.

Caterkiller wa Sonic the Hedgehog, mwaka 1991, ni mdogo, lakini namtaja kwa kuwa anavunja desturi ya gemu yake yenyewe. Sonic amekufundisha kujiviringisha na kupita katikati ya kila adui. Huyu ana miiba kwenye pingili, na mahali pa kumpiga ni kichwani tu. Ukimvaa mwilini unapoteza pete zako, na vipande vyake vinatawanyika. Ndani ya Marble Zone, eneo analopatikana, dawa ni moja: simama kabisa, subiri kichwa kielekee kwako, ruka wima na umshukie kichwani. Ukija kwa kasi, hata ukikipata kichwa unaweza kuugusa mwili palepale. Namwona kuwa ni adui wa haki aliyewekwa kwenye gemu isiyomfaa, maana anakulazimisha kusimama mahali ambapo raha yote ni kukimbia.

Super Mario 64 (1996) ilimleta Wiggler kama bosi, na hapa mwili ni wa kuvutwa. Yuko Tiny-Huge Island, eneo la 13 lenye kisiwa cha saizi mbili, kidogo na kikubwa, kwenye nyota ya sita, yaani lengo la sita la eneo hilo. Wengi hukwama kabla hata ya kumwona, kwa sababu mlango wake unafunguliwa kutoka upande mwingine wa kisiwa. Ingia kwanza kisiwa kikiwa kidogo, panda hadi kileleni, ruka juu ya kidimbwi cha maji na upige kishindo kwa makalio. Maji yatakauka. Kisha nenda kwenye kisiwa kikubwa, panda kilele hichohicho, na utakuta shimo wazi. Dondokea humo. Ukienda moja kwa moja kwenye kisiwa kikubwa utazunguka kilele kilichojaa maji bila kuelewa kinachokosekana.

Pambano lenyewe ni kumkanyaga mara tatu, na kila akikanyagwa anaongeza kasi. Ngumi hazikusaidii, kinachohesabika ni kumshukia kutoka juu. Tatizo halisi ni kamera. Pango ni finyu, kamera inajibana ukutani, na kiwavi anapotea nje ya picha wakati hasa anapokimbia zaidi. Kumfukuza ni kupoteza uhai bure. Simama karibu na katikati ya chumba, geuza kamera itazame sehemu kubwa ya sakafu, mwache aje, kisha ruka juu karibu wima na usogee kidogo tu hewani hadi uwe juu ya kichwa. Usitue upande wa ndani wa mzunguko wake, maana pingili za nyuma zinavutwa hukohuko. Baada ya pigo la tatu ananywea na kukuachia nyota. Kama bosi ni mwepisi, lakini hasira yake inaeleweka, kwa kuwa anakulaumu kwa kujaza maji nyumbani kwake.

Super Mario Sunshine (2002) ilimkuza zaidi na kumwacha akimbie kwa fujo ufukweni Gelato Beach, kwenye sura ya tatu. Hapo unatumia maji. Jaza baharini tangi la maji ambalo Mario amebeba mgongoni, simama karibu na vichipukizi vya mchangani, na umwagilie kimoja wakati kiwavi anakipitia ili mchanga uinuke chini yake na kumbinua. Akiwa amelala chali, ruka juu yake na upige kishindo. Rudia hadi mara tatu. Ukimwagilia mapema mchanga unainuka na kushuka kabla hajafika, kwa hiyo hesabu muda kwa kichwa chake, si kwa katikati ya mwili. Super Mario Odyssey (2017) iligeuza mambo na kukukabidhi kiwavi uwe wewe, ndani ya Lost Kingdom. Unashika kitufe, kichwa kinasonga na mwili unanyooka nyuma yake kama kinanda cha mkononi, unakunja kona, unavuka pengo, ukiachia kitufe sehemu ya nyuma inakuja kukutana na kichwa. Ukipinda ovyo unamaliza urefu kabla ya kufika ng'ambo, basi panga kona chache na pana. Ni kipande kifupi mno. Ningependa eneo zima lijengwe juu ya mnyama huyu.

Hollow Knight (2017) ina tandu wakubwa waitwao Garpede katika Deepnest, eneo la mapango yenye giza. Hawafi. Usipoteze roho (nguvu unayotumia kwa uganga na kujiponya) wala muda kuwapiga, wao ni sehemu ya jengo. Wanapita kwenye mahandaki yao kwa kasi, na mwili mzima unajaza njia, kwa hiyo suala la pingili kuvutwa au kufuata halipo tena: ama uko ndani ya handaki au hauko. Sikiliza mngurumo kabla ya kuingia njia ndefu iliyonyooka, tafuta kwa macho shimo au kona ya kujibanza, na songa kutoka kona moja hadi nyingine. Kinachoua wengi ni kurudi nyuma kwa hofu wakati kona ya mbele ilikuwa karibu zaidi. Gemu hiyohiyo ina viwavi wa kuokolewa, 46 kwa jumla, wamefungiwa kwenye chupa. Wanalia, na kilio chao ndicho dira yako ukikaribia. Ukifikisha 10 unapewa hirizi ya Grubsong, ukimaliza wote 46 unapata Grubberfly's Elegy. Chunga Deepnest, kwa kuwa baadhi ya chupa za huko zina adui aliyejifanya kiwavi. Ukipasua, uwe umeshasimama mbali kiasi cha urefu wa upanga. Ramani ya kuonyesha waliobaki inapatikana baada ya kumshinda bosi aitwaye Collector, na bila hiyo wachache wa mwisho ni kazi ngumu kuwapata.

Kwenye Ori and the Will of the Wisps (2020) mnyoo wa mchanga anakufukuza katika magofu ya Windswept Wastes, na hakuna kupigana. Uwezo unaokutoa ni ule wa kuchimba mchanga. Bonyeza na ushikilie kitufe chake ukiwa bado hewani, kabla ya kugusa mchanga. Ukisubiri mpaka ugonge ndipo ubonyeze, unasimama kwa muda mfupi, na muda huo unamtosha mnyoo. Ukitoka mchangani tumia mwendo ule ule kurukia kipande kinachofuata, usijaribu kurekebisha mwelekeo katikati ya hewa. Picha na muziki ni vya hali ya juu sana. Lakini nikikipima kama kiumbe, mwili wake haukufundishi chochote. Ni ukuta unaokimbia wenye mdomo.

Terraria, iliyotoka mwaka 2011, ndiyo inayotumia mwili wa mnyoo kwa undani kuliko zote nilizozitaja. Ni gemu ya kujenga na kuchimba inayotazamwa kwa ubavu, na ina minyoo wawili ambao kila mchezaji makini anapaswa kuwaelewa. Wote ni wa kuvutwa, wote wanapenya udongo na mawe, na wote wanahitaji kitu cha kushika ili wageuke. Wakitoka hewani wanapanda kwa nguvu waliyotoka nayo kisha wanaanguka. Ndiyo maana uwanja wa juu ya ardhi unasaidia sana. Ila angalizo: mbao za majukwaa na maji pia vinawapa pa kushika. Mtu anayejaza anga kwa safu tano sita za mbao anamjengea mnyoo ngazi. Safu moja ndefu, au mbili zilizoachana sana, zinatosha.

Wa kwanza ni Eater of Worlds, kwenye dunia zenye Corruption, yaani eneo lililoharibiwa na uovu. Anakuja ukivunja duara la tatu la kivuli (Shadow Orb) lililofichwa humo, au ukimwita kwa Worm Food, inayotengenezwa kwenye madhabahu ya pepo kwa Vile Powder 30 na Rotten Chunk 15. Mwite ukiwa ndani ya Corruption na ubaki humo. Kila pingili ina uhai wake, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Ukimkata katikati unapata minyoo wawili, kila mmoja na kichwa, ukiendelea kupiga ovyo unazungukwa na vipande sita au saba vinavyotoka pande zote. Mpunguze kuanzia ncha, au tumia silaha inayopenya pingili nyingi kwa pamoja, kama Vilethorn, au maguruneti akiwa amejikunja. Thawabu ni madini ya Demonite na magamba ya Shadow Scale. Weka kando Shadow Scale 6 na vipande 12 vya Demonite iliyoyeyushwa kwa ajili ya sururu ya Nightmare Pickaxe kabla ya kufikiria deraya, maana ndiyo itakayokufungulia mawe ya Corruption na madini ya Hellstone.

Wa pili ni The Destroyer, mnyoo wa chuma wa nusu ya pili ya gemu. Yeye hagawanyiki. Pingili zote zinatumia uhai mmoja wa 80,000 kwenye kiwango cha kawaida, kwa hiyo silaha inayopenya na kugusa pingili kumi kwa risasi moja inahesabiwa mara kumi. Kinachowaangusha wengi ni kinga. Kichwa kina kinga 0, lakini mwili una 30 na mkia 35, na kila kinga 2 zinapunguza pigo kwa 1. Risasi yenye pigo la 20 ikigonga mwili inabaki 5 tu. Bunduki ya haraka yenye risasi dhaifu inaonekana kama inafanya kazi kubwa kumbe haimpunguzi. Chagua pigo zito linalopenya, kaa juu ya safu yako ya mbao, na usishuke kumfuata kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kinachoumiza zaidi. Vimashine vinavyoruka kutoka mwilini viue vinapokusogelea, vinaacha mioyo ya kukurudishia uhai.

Mwite giza linapoingia tu. Usiku wa Terraria unadumu dakika 9 za kawaida, yaani sekunde 540, na kukipambazuka anaondoka na kifaa ulichomwitia kimepotea. Gawanya 80,000 kwa 540 utaona unahitaji kumpunguza karibu 150 kila sekunde bila kupumzika. Jaribu silaha yako kwanza kwenye sanamu ya mazoezi, na kumbuka kuondoa ile 15 ya kinga kwenye kila pigo unalolisoma pale.