Kidude cha vidole hospitalini: nyota mbili, na zote ni za Bi wa faili

Naandika nikiwa na hasira, mtaniwia radhi. Majuzi nilimpeleka mamangu kliniki ya presha, hospitali moja hapa Mombasa, jina silitaji. Siku hizi bima hailipi mpaka mgonjwa atambulike kwa kidole. Haya. Mamangu amepara samaki na kukuna nazi tangu sijazaliwa, vidole vimelainika kama kitako cha kijiko kikuukuu. Akaweka kidole, taa nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu vilevile. Kijana wa mapokezi, shikamoo hana, macho kwenye simu: "Bibi, gandamiza vizuri, unatuchelewesha." Mara akampigia mwenzake kelele, foleni nzima ikasikia: "Huyu hana vidole!"

Hana vidole! Na sisi sote nyumbani tumelishwa na vidole hivyohivyo.

Niliwahi kufanya kibarua cha kusajili watu kwa mashine za namna hii, kwa hivyo mimi hanibabaishi mtu. Mashine husoma mistari ya ngozi, inapokatikia na inapogawanyika panda, ikapiga hesabu kuona inakaribiana kiasi gani na ile iliyosajiliwa. Hesabu ikifika kiwango, unapita. Na kiwango hicho huwekwa na watu: kikipandishwa mno, wenye haki hukataliwa, kikishushwa mno, hupita hata asiyekuwa mwenyewe. Wazee, waashi, wafua nguo, wote ambao kazi imewala ngozi, ndio hukataliwa zaidi, na wenye kuuza mashine hizi wanalijua hilo. Hata uchaguzi wa 2017, kifaa kikikataa kidole karani alikuwa na njia ya kumtafuta mpiga kura kwa nambari ya kitambulisho. Pale hospitalini njia ilikuwa moja tu: "Njooni kesho."

Kichwani nilishawapa sufuri. Ndipo akatokea Bi mmoja wa chumba cha faili. "Shikamoo Bi mkubwa." Akachukua pamba akapangusa kile kioo, kimejaa mafuta ya vidole vya watu tangu asubuhi. Akampulizia mamangu pumzi kwenye gumba la kushoto, akamwambia: "Lilaze tu, usilibonyeze." Kijani!

Kumbe lile "gandamiza" la kijana ndilo lililokuwa likiharibu, maana ukibonyeza sana mistari hubanana ikashikana. Basi mashine ni nzima? Siku ile, ndiyo. Lakini wallahi siisifu: hospitali inayofunga mlango kwa kidole na haina ufunguo wa pili haistahili hata hizo nyota mbili, na nilitaka kuzifuta. Nimeziacha kwa ajili ya Bi wa faili peke yake.

Ukimpeleka mzee wako, muulizie yeye kabla ya adhuhuri, jioni hakai. Na pamba nenda nayo.