Uzoefu wangu: huduma ya lishe kliniki kwa mama anayetumia ARV na mtoto wake (Njombe)

Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaotumia dawa za VVU (ARV), mna mimba au mnanyonyesha, na mnajiuliza kama ile huduma ya lishe ya kliniki ina faida au ni kumaliza asubuhi nzima kwenye benchi. Mimi naitumia tangu nina mimba ya huyu wa pili, hapa Njombe. Kituo sitakitaja. Kwa kifupi ina faida, na ni bure, ila faida yenyewe haiko sana kwenye zile paketi za chakula dawa cha watoto waliokonda, ambazo kila mtu anazikimbilia.

Huku kwetu njaa hatuijui. Viazi vipo, mahindi yapo, njegere zipo, parachichi msimu wake zinaoza chini ya miti. Pamoja na hayo, utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta nusu ya watoto wetu chini ya miaka mitano wamedumaa, na majirani zetu Iringa wametuzidi. Kwenye VVU nako mkoa wetu ndio unaoongoza nchini. Kwa hiyo ukiniambia shida ni chakula nitakubishia. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anabaki na uji mweupe wa mahindi kwenye chupa hadi saa tisa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Wakati wa mimba walikuwa wananipima uzito, mzunguko wa mkono na wingi wa damu, basi. Sikuona la ajabu mpaka siku muuguzi aliponiuliza vidonge vya kuongeza damu navimeza saa ngapi. Kumbe madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo yanaweza kuizuia dolutegravir, mojawapo ya dawa zilizomo ndani ya TLD (kidonge changu cha ARV), isifyonzwe vizuri tumboni. Ukivimeza pamoja wakati wa mlo hakuna shida. Ukiwa hujala, TLD itangulie kwa saa mbili au ifuate saa sita baada ya vile vidonge. Na chai ya rangi uiweke mbali na mlo, maana nayo inapunguza madini ya chuma mwilini. Kumwambia hivyo mtu wa Njombe, anayeishi katikati ya mashamba ya chai na baridi ya mwezi wa saba, ni mtihani. Lakini angalau niliambiwa.

Baada ya kujifungua, mtoto alipewa nevirapine ya maji, dawa ya kumkinga na VVU, kwa wiki sita, kisha wakamtoboa kisiginoni kuchukua tone la damu la kipimo cha kwanza cha VVU. Maagizo yalikuwa maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji hapana, na mimi nisiruke dawa. Waliyaeleza kwa sababu zake: ukianza kumchanganyia uji mapema, utumbo wake mchanga unachubuka na virusi vinapata njia. Baada ya hapo ananyonya huku anakula, na mimi naendelea na dawa.

Sasa, mama mkwe wangu hajui hali yangu, na kwake mtoto wa miezi mitatu anayelia ana njaa tu. Hapa ndipo ninawapa maksi za juu. Sikusema neno, muuguzi mwenyewe aliniambia nije naye siku ya chanjo. Akawakalisha akina bibi wote waliokuwepo, akawafundisha kwamba miezi sita ya maziwa matupu ni ya kila mtoto Tanzania. Hakutaja VVU hata mara moja. Tangu siku hiyo nikiguswa kuhusu uji najibu, "Mama, kliniki wamekataza," na yeye ndiye anayewafokea majirani.

Mtoto alipofika miezi kumi aliharisha vibaya, akapungua. Ule utepe wa mkono ukaja mwekundu, sentimita 11.3 (nyekundu ni chini ya 11.5, njano inaishia 12.5, kijani ndiyo salama). Wakamminya miguu kuangalia kama amevimba, hakuwa amevimba. Kisha kikaja kipimo ambacho sikukitegemea: wanakupa paketi moja ya chakula dawa, unanawa mikono, unaikanda na kukata kona, halafu unampa pale pale wao wakitazama. Mtoto akikataa kabisa analazwa, akila anatibiwa nyumbani. Wangu alilamba, akakunja sura, akageukia kifuani kwangu. Nilimnyonyesha kidogo, nikampaka kwenye mdomo wa chini. Akalamba tena. Mara akaishika paketi kwa mikono miwili na hakuiachia.

Chakula dawa ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Paketi ya gramu 92 ina kalori 500, na haipikwi wala haichanganywi na uji. Unamnyonyesha kwanza, ndipo unampa, na maji safi ya kunywa karibu. Kinafanya kazi, sina ubishi. Alirudi kijani, wakasubiri kijani ya mara ya pili ndipo wakamtoa kwenye orodha.

Kasoro zipo. Kwanza, kuna wakati niliambiwa kimeisha, rudi wiki ijayo. Mtoto aliye kwenye nyekundu huwezi kumwambia asubiri. Pili, ukitoka na zile paketi mkononi mtaa mzima unakisia. Bebeni mfuko usioonyesha. Tatu, dada yake wa miaka minne alizipenda kuliko peremende, na hakuna aliyeniuliza nina watoto wangapi nyumbani. Na tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, dada wa mradi aliyekuwa akitupigia simu tukikosa kliniki simsikii tena.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni jiko darasa, na cha kushangaza ndicho wengi wanakikwepa. Tunapika nyuma ya kliniki, kila mmoja na alichobeba. Nimetoka na haya: uji ukiinua kijiko usidondoke kama maji, ushike kwanza. Nafaka moja inatosha, ule unga wa mchanganyiko wa vitu kumi tunaouziwa sokoni hauna ulazima. Karanga zichambuliwe, iliyokunjamana au yenye ukungu itupwe, maana sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, si hadithi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, unakaangwa mkavu, unasagwa, unatiwa kijiko kwenye uji au mboga ya majani ya maboga. Parachichi unaponda tu. Hakuna nilichonunua kwa gharama, karibu vyote vilikuwa nyumbani tunauza ili tukanunue biskuti.

Kwenye jiko darasa hatutengwi, mama yeyote wa kliniki anakaa, kwa hiyo hakuna anayejua nani anachukua nini dirishani.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa paketi kuisha. Ukienda, ulizia siku ya jiko darasa kabla hujaulizia paketi, beba kadi zote mbili, yako na ya mtoto, na kama una mtoto mwingine wa chini ya miaka mitano mchukue hata kama anaonekana mzima. Wanampima mkono hapo hapo, haichukui dakika.