Ekstenda ya Wi-Fi kwenye nyumba ya mawe: uzoefu wangu

Nyumba tunayopanga iko Mji Mkongwe, Unguja, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtoto anakaa kitako dirishani na nafasi inabaki. Joto la mchana haliingii, lakini na Wi-Fi haipiti. Ruta iko sebuleni. Chumba cha nyuma simu inashika kwa kubahatisha, jikoni haishiki kabisa. Kutoboa ukuta nipitishe waya haiwezekani: mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na mwenye nyumba hataki hata kusikia habari ya drili.

Nikanunua ekstenda, yaani kifaa kinachopokea Wi-Fi ya ruta na kuirusha mbele zaidi. Ni ndogo, ya kuchomeka kwenye soketi, ya bendi mbili (masafa mawili ya mawimbi), 2.4 GHz na 5 GHz. Jina la kampuni silitaji, maana hizi za bei hii tabia zao ni moja.

Kuiunganisha na ruta ni kazi nyepesi. Unabonyeza kitufe cha WPS (cha kuunganisha vifaa bila kuandika nywila) kwenye ruta, kisha ndani ya dakika mbili unabonyeza cha ekstenda, unasubiri taa itulie. Kama ruta yako haina kitufe hicho, unaingia kwa simu kwenye Wi-Fi ya ekstenda yenyewe, unafungua ukurasa wake wa mipangilio, unachagua Wi-Fi ya nyumbani na kuweka nywila.

Pa kuichomeka ndipo penye kazi. Wengi huipeleka kulekule kusikoshika, wakati yenyewe inarudia tu kile inachopokea. Ikipokea makombo, itagawa makombo. Yangu iko ukumbini karibu na mlango wa ngazi, mahali ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu na yanapita mlangoni badala ya kupambana na jiwe.

Niliipa jina na nywila zilezile za ruta, kwa hiyo simu na kompyuta ziliingia zenyewe. Kasoro yake ni kwamba simu huing'ang'ania ruta ya mbali hata ikiwa imeshaishiwa nguvu. Mama akilalamika kwamba picha hazifunguki, namwambia azime Wi-Fi na kuiwasha tena, basi inahamia kwenye ekstenda. Wapo wanaopendelea majina mawili tofauti. Kwa nyumba yenye wazee, mimi nasema jina moja. Hakuna atakayekumbuka kubadilisha kila anapohama chumba.

Vifaa vilivyonitoa jasho ni printa na kamera ya mlangoni. Vyote viwili vinaelewa 2.4 GHz tu, kama ilivyo kwa balbu na soketi nyingi za kuwashwa kwa simu, na programu ya kamera iligoma kwa sababu simu yangu ilikuwa kwenye 5 GHz. Dawa yake: ingia kwenye mipangilio, zima 5 GHz kwa muda kwenye ekstenda na kwenye ruta pia, unganisha kifaa, kisha iwashe tena. Kamera haijasumbua tangu hapo. Tena 2.4 ndiyo inayopenya ukuta vizuri zaidi, ingawa 5 ina kasi.

Kuhusu kasi, usitegemee ile ya sebuleni. Ekstenda inapopokea na kurusha kwenye bendi ileile, kasi inaweza kupungua hadi nusu. Sebuleni napata kama Mbps 20, jikoni 9 hivi. Kupiga simu ya video inatosha. Umeme ukikatika na kurudi, ekstenda huwaka kabla ruta haijawa tayari, na mara nyingine hubaki imezubaa mpaka niichomoe na kuichomeka upya. Hilo linakera, hasa nikiwa kazini na nyumbani hakuna wa kuichomoa.

Kwa nyumba ya ghorofa nyingi ningenunua seti ya mesh, yaani vifaa kadhaa vinavyofanya kazi pamoja kama Wi-Fi moja; gharama yake ni kubwa lakini unahama chumba bila kuzimazima simu. Kwa vyumba viwili vitatu hii inatosha. Ila hakikisha ina tundu la waya wa mtandao. TV ya chumba cha nyuma ilikuwa inakatakata kwa Wi-Fi. Sasa inapata waya mfupi kutoka kwenye ekstenda na mpira tunautazama mpaka filimbi ya mwisho.