Kuinua sainasi: mfupa wako au wa ng'ombe?

Magego ya juu yakishang'olewa, mfupa hupungua na sakafu ya sainasi, uwazi wenye hewa ulio juu ya magego hayo, huwa karibu mno. Jino bandia la skrubu halina pa kushika. Ndipo daktari huinua utando wa ndani ya sainasi na kujaza mfupa chini yake.

Kwa kasi ya kupona, mfupa wako mwenyewe unaongoza. Una seli hai, na mara nyingi miezi 4 hadi 6 inatosha. Lakini hutolewa kidevuni, nyuma ya taya au nyongani, kwa hiyo unauguza vidonda viwili, na cha kidevuni huweza kuacha ganzi kwenye meno ya mbele. Tena mfupa huo husinyaa.

Chembe za mfupa wa ng'ombe, zilizoondolewa protini, hutoka kwenye kichupa tu. Huyeyuka polepole sana, kimo kinabaki, ila subira ni miezi 6 hadi 9. Gharama? Kichupa hulipiwa; mfupa wako ni bure, muda wa upasuaji si bure.

Mfupa uliobaki ukiwa mwembamba mno, wengi huchanganya vyote viwili, na mimi naona wana hoja. Anayeogopa kidonda cha pili achukue kichupa. Asiyetaka kitu cha mnyama aseme mapema.