Rufaa ya adhabu kwenye ligi ya iRacing: video au faili la marudio?

Kwenye iRacing, mchezo wa mbio za magari wa mtandaoni, umeongezewa sekunde 10 kwa kumgonga mwenzio kona ya kwanza, na unaona si haki. Utume nini kwa wasimamizi?

Video ni nyepesi. Kata sekunde 20 hivi, 10 kabla ya mgongano na 10 baada yake: kwanza kutoka ndani ya gari lako, kisha ndani ya gari la mwenzio, kisha kutoka juu. Andika namba ya mzunguko na namba za magari. Udhaifu wake ni kwamba kamera umechagua wewe, na wasimamizi wanalijua hilo. Video ya kamera moja tu huzua maswali mengi kuliko majibu.

Faili la marudio (.rpy), yaani rekodi ya mbio inayofunguliwa ndani ya mchezo wenyewe, ni zito, ila msimamizi anageuza kamera atakavyo, anasimamisha, anaona nani alikuwa ubavuni kwa nani kabla ya breki. Lihifadhi kabla hujatoka kwenye mbio. Usilikalie pia, mchezo ukisasishwa, faili la zamani linaweza kugoma kufunguka.

Tatizo kubwa zaidi ni intaneti. Kompyuta yako hukadiria tu gari la mwenzio liko wapi, hivyo kwako mmegusana, kwake kuna nafasi. Mguso ukiwa mdogo, omba na faili lake.

Kosa la wazi, video inatosha. Ubishi wa nani alistahili kuachiwa nafasi kwenye kona, tuma faili pamoja na kipande kifupi cha kuwaelekeza, na maelezo yasiyo na neno “makusudi”.